Siku Tano za Ziwani

Ilka alikuwa amekwisha kununua kofia kabla hata chumba hakijapatikana. Ilikuwa kofia pana ya ukindu yenye utepe wa kijani, na Jumamosi ile kutwa nzima ilikaa juu ya friji ikiwaangalia. Kila Kornél alipopita jikoni aliikwepa kwa macho. Ilka aliliona hilo, ila apendaye ana maradhi yake: huona jambo, na papo hapo akalitafutia udhuru. Alijiambia labda mwanamume wake anaona kofia imezidi ukubwa.

Walikuwa wanapanga safari ya siku tano. Kijiji chenyewe ndiko alikozaliwa Kornél, kaskazini mwa ziwa Balaton, nyumba chache za mawe meusi chini ya kilima na mizabibu iliyoshuka mpaka karibu na maji. Wazo lilikuwa la Kornél. Alilitoa wiki iliyopita wakiwa mezani, bila utangulizi wowote, akasema wote wawili wamechoka na ingefaa wakapumzike kabla baridi haijaanza. Ilka aliacha kijiko ndani ya supu. Kwa miaka mitatu waliishi pamoja katika fleti ile ya Budapest, na katika muda wote huo hakuwahi kualikwa akanyage kijiji kile hata kwa mchana mmoja.

Sababu za kutoalikwa hazikuwa siri. Bi Vilma, mama yake Kornél, alikuwa nazo na hakuona haya kuzisema. Ilka alimzidi Kornél miaka sita. Aliwahi kuolewa akaachika. Tena katika ndoa ile ya kwanza hakupata mtoto, na madaktari walimwambia waziwazi asingoje. Bi Vilma alizifunga sababu hizo pamoja kama mzigo wa kuni akazitua mlangoni, na tangu hapo kila Kornél alipolitaja jina la Ilka kwenye simu, mama mtu aliuliza hali ya hewa ya mjini ikoje.

Hata mzee Gáspár, baba yake Kornél, alipofariki mwezi wa nne, mambo hayakubadilika. Ilka alipiga pasi nguo nyeusi za watu wawili. Zake zikarudi kabatini, kwa sababu Kornél alisema mama yuko kwenye hali mbaya na si wakati wa kumletea jipya. Aliporudi kutoka mazikoni macho yalikuwa yamemvimba, na mkononi amebeba dumu la kioo lililosukiwa kikapu, limejaa divai ya mwisho iliyotoka mikononi mwa baba yake. Alilitua kwenye stoo ya jikoni, kwenye kona isiyofika jua, akamwambia Ilka kwamba hiyo wataifungua siku ya harusi yao. Maneno hayo Ilka aliyaweka moyoni kama mtu anavyoweka akiba. Kila alipoingia stoo kuchukua viazi aliligusa lile dumu.

Kwa hiyo kwake hii haikuwa safari ya kwenda kulala na kuogelea tu. Aliamini kwamba kule ziwani atapelekwa mbele ya Bi Vilma, mchana kweupe, ameshikwa mkono. Aliamini kuna siku moja kati ya hizo tano ambayo Kornél atamwuliza lile swali. Hakumwambia mtu, wala yeye mwenyewe hakujiambia kwa sauti, lakini kofia aliinunua kwa ajili ya siku hiyo.

Alikaa mezani na kalamu, miguu peku juu ya kiti cha pili. Kazi yake ilikuwa ya kukanda watu kwenye hamamu ya maji moto, kutwa analegeza migongo ya wenzake, na jioni mgongo wake mwenyewe ulikuwa mgumu kama mlango. Kornél alisimama karibu na sinki akikata pilipili hoho za chakula cha mchana.

"Siku ya kwanza hatufanyi kitu," Ilka alisema. "Tunalala mpaka njaa ituamshe."

"Sawa."

"Ya pili tunaogelea, kama maji hayajapoa. Ya tatu unanipeleka kwenye ule mkahawa wa gatini unaousimulia ukilewa."

"Mimi nikilewa nasimulia mkahawa?"

"Unasimulia samaki wa kukaanga na msichana aliyekuwa akiwauza. Nataka nimwone huyo msichana."

"Ana wajukuu sasa."

"Afadhali."

Kornél alicheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Ilka aliinua macho akamtazama mgongo, mabega yale mapana ambayo aliyajua kuliko mabega ya mteja yeyote. Walikutana ndani ya lifti, au tuseme mmoja ndani na mwingine nje. Lifti ya pale hamamu ilikwama kati ya ghorofa mbili Ilka akiwa peke yake na kikapu cha taulo, na fundi aliyeitwa alikuwa Kornél. Aligonga mlango wa chuma taratibu, akauliza nani yumo, na muda wote aliokuwa akihangaika na nyaya hakuacha kumsemesha ili asiogope. Ilka aliipenda sauti kabla ya kuiona sura. Alipotolewa, fundi alimshika kiwiko akakisahau mkononi mwake.

"Lakini Kornél," alisema sasa, akigonganisha kalamu na meno, "wiki ijayo si ndiyo ya mavuno?"

"Karibu na hapo."

"Babu yangu angemkimbiza kwa reki mtu anayezungumzia kupumzika wiki ya kuchuma zabibu."

Kornél alijibu kwamba watapatikana vibarua, mama anajua pa kuwapata. Alisema hivyo bila kugeuka. Ilka alikuwa amezaliwa kwenye milima ya kaskazini, kwa watu wa divai vilevile, na alijua kwamba katika wiki ya mavuno hata aliyevunjika mguu hukalishwa kwenye kiti akachambue majani. Akaona hapo kuna kitu hakijakaa vizuri. Ndipo likamjia swali ambalo angepaswa kuwa ameliuliza tangu mwezi wa nne.

"Hivi, baba alipofariki, nani aliyagonga mapipa?"

Kisu kilisimama.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa watu wa divai, bwana wa nyumba akikata roho, kabla jeneza halijatoka lazima mtu ashuke kwenye ghala la chini ya ardhi. Anapita pipa kwa pipa akigonga kwa kifundo cha kidole, anaiambia divai kwamba bwana wake amekufa, na kwamba bwana mpya ni yeye anayesema. Kisha anaitajia jina la bibi wa nyumba, ili divai iwajue wote wawili. Wanasema divai isiyoambiwa hununa ikageuka siki. Na aliyegonga amekwisha kujifunga, hauzi na hahami, mpaka siku mwingine atakapoyagongea mapipa yaleyale habari za kifo chake. Mjomba wa Ilka aliwahi kulicheka jambo hilo babu alipokufa, akakataa kushuka, na kiangazi hichohicho ghala zima likawa siki. Mpaka leo kwao matango ya siki hayajaisha.

"Hayo ni mambo ya wazee, Ilka," Kornél alisema. "Siku zile nani alikuwa na akili ya kukumbuka mapipa?"

"Basi ilibaki bila kuambiwa?"

"Sijui. Labda mama alishuka."

Akaweka kisu chini, akasema anakwenda kuchukua sanduku la safari kwa Bi Margit. Huyu alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mjane mwenye maneno mengi. Alikuwa ameahidi kuwaazima sanduku lake jekundu la magurudumu na kuwamwagilia maua watakapokuwa hawapo. Mtu akienda kwake kuomba chumvi hurudi miguu imeshavimba kwa kusimama. Kornél alitoka haraka, kama mtu aliyenusurika, na simu yake akaisahau mezani kando ya mkate.

Haikupita muda simu ikaita. Kwenye kioo palikuwa na neno moja: Mama.

Ilka aliipangusa mikono kwenye aproni. Angeweza kuiacha iite mpaka inyamaze, lakini alikumbuka kwamba Jumatano, siku ya kufika kijijini, atakuwa uso kwa uso na mwanamke huyu, akaona si vibaya akaanza kuonyesha adabu mapema. Akapiga moyo konde akapokea.

"Nabusu mkono, mama," alisema, salamu wanayopewa wazee wa kike.

Sauti kavu ikauliza ni nani huyo.

"Ni Ilka, mama. Kornél ameshuka kwa jirani, anarudi sasa hivi."

"Ahaa. Bibie."

Ilka alijifanya hakulisikia hilo neno. Alimpa pole ya mzee Gáspár, pole iliyochelewa miezi mitano, akasema wamefurahi sana kwamba watafika Jumatano, akauliza kama kuna kitu chochote cha mjini ambacho mama angependa aletewe.

"Mnakuja wawili?" Bi Vilma aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kwa siku tano."

"Siku tano," alirudia mama mtu, polepole, kana kwamba anayapima maneno yenyewe. "Kwa hiyo hajakwambia."

Ilka aliuvuta ule mkate karibu naye bila sababu.

"Bibie, mimi si mtu wa kumsemea mwanangu. Ana mdomo wake. Lakini nimechoka kuficha mambo kama mwizi. Kornél haji kwa siku tano. Anarudi kwao. Kazini ameshaaga, mwisho wa mwezi anamaliza. Mapipa aliyagonga yeye kwa mkono wake, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi namsikiliza."

"Mimi ameniambia tunakwenda kupumzika."

"Ndivyo alivyo. Tangu mtoto. Hata paka akitaka kumtoa nje, humpa maziwa kwanza."

Hakuisema kwa kejeli. Ilisikika kama sauti ya mtu aliyechoka, na hilo ndilo lililomwogopesha Ilka zaidi. Angetukanwa, angejua pa kushika.

Bi Vilma aliendelea kusema kwamba yeye hamchukii, na kwamba umri ni umri na ndoa iliyovunjika ni bahati mbaya ya mtu, yote hayo angeyameza. Lakini mizabibu ile iliwekwa ardhini na babu yake Gáspár, na yeye magoti yamekwisha. Akifa yeye ataichuma Kornél. "Na akifa Kornél," aliuliza, "nani atashuka kuyagongea mapipa? Wewe unaweza kunijibu hilo, bibie? Ukiweza kunijibu, njoo hata leo."

Ilka aliuliza jambo moja tu, na alijishangaa sauti yake ilivyotulia. Aliuliza Kornél aliitajia divai jina la nani kuwa ndiye bibi yake.

"Hilo muulize mwenyewe," Bi Vilma alisema, akakata.

Kornél alirudi akilivuta sanduku jekundu. Alikuwa anaanza kusimulia jinsi Bi Margit alivyomwapisha amletee samaki wa kukaushwa kwa moshi, na jinsi goti lake linavyotabiri mvua, ndipo akaiona simu mkononi mwa Ilka.

"Mama yako amepiga," Ilka alisema.

"Amesema nini?"

"Ameniuliza kama tunakuja wawili."

Kornél alilisimamisha sanduku katikati ya jikoni, akalishika mpini kwa mikono yote miwili kama mtu anayejizuia asianguke. Kisha akaketi. Jua la mchana lilikuwa limeingia mpaka kwenye sinki, limezikuta pilipili hoho zimekatwa nusu. Hakuna aliyezigusa tena siku hiyo.

"Nilitaka kwanza tupumzike," alisema.

"Kwanza, kabla ya nini?"

Kornél alilisukuma gurudumu la sanduku kwa mguu.

"Malizia, Kornél. Kwanza tupumzike. Halafu?"

"Halafu nikwambie."

"Uniambie wapi? Gatini, mdomo umejaa samaki? Au ndani ya maji, ili nisiweze kukupiga?"

"Sikujua niseme vipi." Aliinamisha kichwa. "Kila siku narudi kutoka kazini nimejiandaa, nikikuona nashindwa. Nikafikiri kule, ukishalala, ukishacheka kidogo, labda haitauma sana."

Ilka alimtazama. Hapo ndipo uchungu ulipomkaba, maana alijua anasema kweli. Huyu hakuwa mwanamume mkatili. Alikuwa amekaa wiki nzima akimchagulia mahali pazuri pa kuumizwa, akafikiria mandhari, akafikiria chakula, na pengine hata dirisha la chumba lielekee wapi. Angekuwa na mwanamke mwingine, Ilka angejua la kufanya na hasira zake.

"Uliniambia hujui nani aliyagonga mapipa."

"Nilikudanganya."

"Ulipoyagonga, ulisema bibi wa nyumba ni nani?"

Kornél alitazama mikono yake. "Mama alikuwa kwenye ngazi."

"Sijauliza mama alikuwa wapi."

"Nilisema sina mke."

Ilka alikuwa amekwisha kuitwa mengi katika maisha yake. Mume wake wa kwanza alimwita tasa mbele ya wageni. Mawifi walimwita mti mkavu. Yote hayo aliyabeba akayazoea, kwa sababu yalisemwa na watu waliotaka kumuumiza. Hili lilisemwa chini ya ardhi, gizani, na mtu aliyelala kitanda kimoja naye, tena akaja akamletea dumu la ile ile divai na ahadi ya harusi juu yake.

"Kweli hatujaoana, Ilka," Kornél alisema kwa sauti ndogo. "Sikuiambia uongo."

"Hapana. Divai uliiambia kweli. Uongo uliniachia mimi."

Ndipo Kornél akalia. Alilia kama walivyo wanaume wasiozoea kulia, kwa kukoroma na kufuta pua kwa kiganja. Alimwambia kwamba alipofika pipa la kwanza jina lake lilikuwa mdomoni kabisa, kwamba alivuta pumzi ili alitoe, na mama akakohoa pale juu kwenye ngazi. Kikohozi tu. Akasema anampenda, hajapata kumpenda mtu hivi, na kwamba tangu siku ile akigusa lifti yoyote anasikia mapipa. Akapiga magoti sakafuni akauweka uso mapajani mwa Ilka. Mikono ya Ilka, kwa mazoea yake ya kazi, ikaenda yenyewe kwenye shingo ile, ikalikuta fundo la msuli, ikaanza kulilegeza.

"Twende," Kornél alisema ndani ya aproni. "Twende wote, si kwa siku tano. Moja kwa moja. Nitashuka nigonge upya, nitaje jina lako. Mama atazoea."

Moyo ni mpumbavu. Wa Ilka uliruka juu kana kwamba haujasikia lolote mchana ule. Aliiona ile nyumba ya mawe meusi ambayo hajawahi kuiona. Alijiona amesimama mlangoni mwake, kofia kichwani, na upepo wa ziwa.

"Mpigie," alisema.

"Nani?"

"Mama. Sasa hivi, mimi nikisikia. Mwambie: nina mke, jina lake Ilka, nakuja naye Jumatano na hatoki. Ni hayo tu. Ukiyasema hayo, mimi nitakufuata hata kwenye hilo ghala nikalale na mapipa."

Kornél aliinuka, akapangusa uso kwa taulo la vyombo, akachukua simu. Ilka aliona kwamba amekusudia. Alibonyeza bila kusita, akasimama wima kama mtu anayetaka kuapa, na akaunyoosha mkono mwingine kwake. Ilka akaushika. Simu iliita, na ilipopokelewa vidole vya Kornél vilikaza.

"Mama," alisema. "Ndiyo. Ndiyo, ameniambia. Mama, ngoja. Nataka kukwambia neno."

Ilka alimtazama midomo. Kutoka kwenye simu hakukusikika kitu, Bi Vilma alikuwa anangoja naye pia, na pande zote mbili wanawake wawili walikuwa wakimngojea mwanamume mmoja aseme. Kornél alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Kisha, mbali sana, kikasikika kikohozi.

"Huko," Kornél alisema, "mvua imenyesha?"

Ilka aliuachia mkono wake.

Hakumngoja amalize. Alilichukua sanduku jekundu akaenda nalo chumbani, akalifungua kitandani. Alikunja mashati ya Kornél moja moja, yale ya pasi juu, ya kazi chini. Alitia buti zake za shamba, zilizokaa miaka yote hiyo nyuma ya mlango na leo ndipo alipoelewa kwa nini hazikutupwa. Alitia sweta nene, kwa kuwa asubuhi za mavuno huwa na baridi. Kornél alikuja akasimama mlangoni, simu bado mkononi, akamwomba mara mbili aache. Alisema atampigia tena kesho, kesho atakuwa ametulia. Ilka alimwambia kwamba kesho itanyesha pia, na keshokutwa, na kwamba kuna treni ya jioni.

"Leo?" Kornél aliuliza.

"Zabibu hazikungoji mpaka Jumatano."

"Na kazi yangu? Nina siku zimebaki."

"Umeshaaga, wanajua unaondoka. Mimi tu ndiye nilikuwa sijui."

Alirudi jikoni akafungua tanuri. Humo mlikuwa na vimkate vya jibini alivyooka asubuhi kwa ajili ya safari, vya watu wawili. Alivitazama kidogo, akafunga nusu kwenye kitambaa safi akavipeleka kwenye sanduku. Hakutaka mtu yeyote aje aseme kwamba alimtoa mwanamume nyumbani na njaa.

Mlangoni Kornél alisimama na koti la marehemu baba yake begani. Alitazama nyuma ya Ilka, kwenye stoo.

"Dumu," alisema.

"Liache."

"Ilka, ni la baba."

"Ulisema ni la harusi yetu. Huko una mapipa, Kornél. Niachie hilo moja."

Alitikisa kichwa kukubali. Aliuinua mkono akaupeleka kwenye kiwiko cha Ilka, pale pale alipokishika siku ya kwanza, akakiacha mkononi mwake muda mrefu. Walitazamana. Ilka aliyaona macho yale ya kijivu yamejaa maji, akajua kwamba kama angesema neno moja, jina lake tu, huyu mtu angebaki, angefungua sanduku, na wiki ijayo wangeanza kupanga safari nyingine. Hakulisema. Kornél akaachia kiwiko.

Ilka alifunga mlango akabaki amesimama nyuma yake akisikiliza. Lifti ya jengo lile ilikuwa ikipiga kelele mpaka Kornél alipohamia. Aliitengeneza mwenyewe, akaipaka mafuta, na tangu hapo ilipanda na kushuka kimya kabisa. Hata mlio wa kuondoka kwake Ilka hakuupata. Alisikia tu, chini huko, sauti ya Bi Margit ikimkumbusha mtu kuhusu samaki.

Alikwenda jikoni. Jua la jioni lilikuwa limefika juu ya friji, limeiangukia kofia. Aliishusha akaiweka juu ya kiti alichokalia Kornél, ili kiti kile kisionekane kitupu. Kisha akaingia stoo.

Dumu lilikuwa kwenye kona yake, kikapu kimepata vumbi kidogo begani. Ilka alichuchumaa mbele yake. Aliona aibu, mtu mzima kama yeye, lakini alimkumbuka mjomba wake na ghala zima la siki, na hakutaka divai ya mzee wa watu iharibike kwa sababu ya walio hai. Alikunja kidole, akagonga kioo kwa kifundo, taratibu.

"Bwana wako ameondoka," alisema.

Machozi yalikuja hapo, si kabla. Aliyaacha yashuke. Alikuwa bado hajamaliza, maana desturi inataka divai itajiwe bibi yake ni nani, na jambo hilo husemwa na mtu mwingine, siyo bibi mwenyewe. Alingoja, kana kwamba lifti ile isiyo na sauti ingeweza kuwa inapanda. Mlango haukugongwa.

Akagonga tena, akaliambia dumu jina lake mwenyewe, kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kulitaja.